Atakayepunguza Kilo Nyingi

Mshauri alikwenda kwenye karakana moja ya kushona sare za shule kwa shida ndogo tu, kupunguziwa urefu wa suruali, akakuta mafundi wawili wamekwama. Mmoja alikuwa anatoka kwenye cherehani yake, mwingine anarudi kwenye yake, wakakutana tumbo kwa tumbo kati ya meza mbili. Ilibidi meza moja isukumwe. Mwenye karakana, ambaye wote walimwita Bosi, alishika kichwa.

"Zamani humu zilikaa cherehani kumi na moja," alimlalamikia mgeni. "Leo zinakaa tisa. Na chumba ni kilekile!"

Mtu mwingine angecheka. Mshauri aliona riziki. Alikuwa anaishi kwa ulimi mwaka wa kumi sasa, na aliwahi kumkodisha mtu kivuli cha ukuta usio wake. Mali pekee aliyoipata kwa halali ni gari dogo la kijani, na ndani yake ndimo alimolala tangu mwenye nyumba wake alipochoka kusimuliwa hadithi.

"Bosi, mafundi wako wanakosa motisha," alisema. "Ukimwahidi mtu zawadi, atasema ataanza kesho. Mwambie utamnyang'anya kitu chake, anaanza leo leo."

Wakapatana hivi. Kila fundi ataweka rehani kitu anachokipenda kuliko vyote. Bosi ataongezea cherehani mpya ya umeme. Mshauri naye, ili asionekane mtu wa maneno matupu, ataweka gari lake. Baada ya miezi mitatu, vyote vitakwenda kwa atakayekonda kuliko wenzake. Asipopatikana mtu wa kufikisha kilo kumi, vyote vitabaki kwa Mshauri, "kama adhabu ya uvivu," alieleza kwa huzuni kubwa.

Bosi akachukua karatasi na kalamu. "Niandike 'atakayepungua kilo nyingi kuliko wote'?"

"Hapana, Bosi! Andika 'atakayepunguza'. Kupungua ni ajali, mtu hupungua hata kwa malaria. Kupunguza ni juhudi."

Mafundi walitikisa vichwa kwa kuheshimu elimu. Mama Upawa, mpishi wa karakana, alikuwa anakusanya vikombe vya chai. Alikawia kidogo mlangoni, kisha akaenda zake jikoni.

Rehani zikapangwa kwenye kabati la kioo mbele ya cherehani, ili ziwaume roho: redio, gitaa, suti ya harusi, pasi, baiskeli iliyoingizwa kwa kukunjwa usukani. Fundi mzee wa makoti, mtu asiye na mali, aliweka meno yake ya bandia, jambo lililomsaidia pia kwa upande mwingine. Kila mmoja alipanda mizani, kilo zikaandikwa, na Mshauri akasema hapatakuwa na kupimana tena mpaka siku ya mwisho, maana kujipima kila siku kunavunja moyo.

Sasa, msomaji asidhani Mshauri aliliacha jambo zito namna hii mikononi mwa bahati. Msimu wa sare ulikuwa umepamba moto, mafundi wanakula hapohapo asubuhi, mchana na jioni. Jumatatu ya kwanza alizunguka mlango wa nyuma na debe la mafuta ya kupikia na mfuko wa sukari.

"Mama yangu, watoto wale wanafanya kazi ngumu," alinong'ona. "Usiwapimie. Wape mpaka waseme basi."

"Unataka niwanenepeshe?"

"Nataka uwachangamshe! Na ile pasi kabatini nitakuletea mwenyewe mkononi."

"Haya mwanangu, nimekuelewa," alisema Mama Upawa, akalipokea debe kwa mikono miwili. Na kila Jumatatu akapokea jingine.

Mwezi wa pili Mshauri alianza kuingiwa na wasiwasi. Fundi wa suruali alikuwa amefunga yake kwa kamba. Fundi wa mashati alimsimulia kwamba anakimbia kila alfajiri, ingawa jirani yake alisema hukimbia mpaka kona tu, halafu anakaa. Mshauri alizunguka tena mlango wa nyuma.

"Mama, mbona kama wamekonda?"

"Ni hewa tu inayowatoka, mwanangu. Mafuta hukawia kushuka mwilini."

Akaridhika. Mtu anayedanganya kila siku huwa hana mazoea ya kudanganywa.

Siku ya mwisho mizani iliwekwa katikati ya karakana, saa sita mchana. Mshauri alikuwa ameshakunja kiti cha nyuma cha gari ili baiskeli ienee, ndipo akamkabidhi Bosi ufunguo wake kama walivyopatana. Fundi wa suruali akapanda: amepungua tisa. Wa mashati: nane. Wa vifungo: tisa. Moyo wa Mshauri ulidunda kila mmoja alipopanda na ukatulia kila mmoja aliposhuka. Saba, tisa, nane, saba, nane. Hakuna aliyefika kumi! Fundi mzee alipokuta tisa yake, alilitazama kabati, akaanza kulia kimyakimya kwa ufizi mtupu.

"Pole zenu, ndugu zangu," alisema Mshauri, akinyoosha mkono kwenye funguo za kabati. "Mlijitahidi."

"Ngoja kwanza," alisema Mama Upawa, akifungua aproni yake. "Bosi, nisomee ile karatasi."

Bosi akasoma: "'Atakayepunguza kilo nyingi kuliko wote.'"

"Kilo za nani?"

Bosi aliigeuza karatasi, akatazama na nyuma.

"Haikushema!" alisema fundi mzee.

"Zake mwenyewe, jamani!" Mshauri alipaza sauti. "Hiyo si inaeleweka?"

"Wewe ndiye uliyetufundisha, mwanangu. Kupungua ni ajali. Hawa wamepungua. Nani amewapunguzia sahani miezi mitatu? Nani alimtupia kipande cha mkate kila aliyekaribia kumi, asije akanipokonya ushindi? Jumlisheni."

Wakajumlisha. Kilo sabini na nne.

Macho yote yakamgeukia Bosi. Bosi alifikiri kwamba Mshauri akishinda, cherehani ya umeme inaondoka. Mama akishinda, inabaki palepale. Baada ya kulipima jambo hilo kwa haki tupu, akamkabidhi Mama Upawa funguo zote.

Mama alimrudishia kila fundi kitu chake, akianza na meno. Kisha akautoa ufunguo wa gari dogo la kijani na kumtazama Mshauri, aliyekuwa ameketi juu ya mizani.

"Unajua kuendesha?"

"Mama, lile ni gari langu! Ndimo ninamolala!"

"Nimekuuliza unajua kuendesha. Mimi sijui. Na nyumbani nina madebe kumi na mawili ya mafuta, yanatakiwa yafike sokoni."

Mshauri alishuka kwenye mizani. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi, aliulizia kazi.

"Mshahara?"

"Chakula cha mchana."

"Kiasi gani?"

Mama Upawa alimkagua kuanzia kichwani, akashuka taratibu, akasimama kwenye mkanda.

"Nitaanza na nusu sahani," alisema.

Kesho yake, saa moja kasoro, Mshauri alikuwa nje ya mlango wa Mama Upawa, ameshafuta vioo vya gari.