Mti wa Nzioka Usikatwe Kabla Maua Yangu Hayajaolewa

Kwa Mheshimiwa Naibu wa Chifu,
Kilungu.

Nakuandikia kwa heshima, nikijua mezani kwako kumejaa kesi za mipaka na pombe. Yangu ni ya maua.

1. Avokado yangu ya aina ya hass, niliyoibebea maji kutoka mtoni miaka minne, imetoa maua kwa mara ya kwanza. Chini yake nimepanda maharagwe ili udongo usikauke. Kwenye mafunzo kanisani tulielezwa kwamba ua la hass hufunguka asubuhi likiwa la kike, na halishiki tunda vizuri mpaka kuwe na ile aina ya fuerte karibu, ambayo saa hiyo huwa ya kiume. Fuerte hapa kwetu ni moja tu, ya jirani yangu Nzioka.

2. Nzioka anataka kuikata Jumatatu achomee matofali.

3. Nilimwomba angoje wiki tatu. Alinijibu nje ya kanisa, mbele ya akina mama, kwamba mti wake si fahali wa kijiji, na kama maua yangu yana haraka yaende Nunguni sokoni yakatafute bwana. Akina mama walicheka. Mke wangu Mbithe aliwashinda wote.

4. Nimetundika mzinga mpakani. Nyuki hutoka kwake wakaja kwangu kila asubuhi, hata Jumapili. Nyumba zikitembeleana hivyo si majirani tena, ni wakwe. Na tangu lini mkwe akainuliwa panga?

5. Kwa kuwa dume ni la kwake, ni yeye anayepaswa kuleta wale mbuzi watatu wa ntheo, ndoa itambulike kimila. Sina haraka. Alete mmoja, wawili wafuate baada ya mavuno.

Naomba basi panga la Nzioka likae ofisini kwako hadi matunda yafike ukubwa wa gololi.

Nisalimie Mama Wavinya wa nyumbani kwako, askari wako wote, na Nzioka ukimwona, maana mkwe hanyimwi salamu.

Wako mtiifu,
Mbaluka Ndululu

N.B. Afisa wa kilimo amepita kabla sijafunga bahasha. Amenusa jani, akatazama maua, akasema mti wangu nao ni fuerte, kwa hivyo ule wa Nzioka hauusaidii kitu. Kosa ni la mbwa. Miaka minne iliyopita, nilipoingia shambani kwake bila hodi, Nzioka alikuwa na miti miwili, wa hass na huu wa fuerte, na mbwa wake aliponijia, vijiti vya kupandikiza nilivikata kwenye ule uliokuwa karibu. Mwache akate. Tena akate upesi, kabla mtu hajalinganisha majani.