Trela ya Pasaka

Jumamosi, 25 Machi
Mdomo wangu umeniponza. Tulikuwa kwa shemeji Tertius, mdogo wake Alida mke wangu, tukichoma soseji kando ya karavani yake mpya. Ina friji. Ina sinki. Ina taa ndani ya kabati, eti soksi zisiogope giza! Akaniuliza mbele ya watu kama Pasaka hii pia nitamlaza dada yake kwenye lile hema linalovuja. Watu wakacheka. Alida akatazama sahani yake. Hapo ndipo paliponiuma. Nikasikia sauti ikitangaza kwamba Ijumaa Kuu tutafika bwawani, tunakopiga kambi kila Pasaka, na trela yetu ya kulala, tuliyoijenga wenyewe. Nikageuka nimwone huyo mpumbavu ni nani. Ni mimi!

Jumatatu, 27 Machi
Nimepata pa kuanzia! Jirani yetu Hester, yule mjane, amenipa trela ya kubebea nguruwe. Bure. Anasema nguruwe wa mwisho alishuka miaka sita iliyopita. Harufu yake bado haijashuka. Nimeosha mara nne. Alida amechungulia gereji, kashika pua, kauliza nani amekufa humu. Nimemwambia hiyo ni harufu ya kubana matumizi.

Alhamisi, 30 Machi
Kuta zimesimama. Mbao nimeokota kwenye jukwaa la shule lililovunjwa. Ukuta mmoja una jua la kuchorwa na nusu ya ng'ombe. Dirisha nimeng'oa kwenye banda la kuku. Kuku wananitazama vibaya. Kitanda tayari. Nilimpima Alida kwa futi akiwa amelala mchana kwenye kochi, nisimsumbue. Sentimita mia moja thelathini na nane. Mbao zimebaki! Mhandisi gani tena mnamtaka?

Jumapili, 2 Aprili
Mungu wangu! Baada ya ibada Alida alijaribu kitanda. Miguu ikatokea nje ya mlango, kuanzia magotini. Nikamwambia asogee juu. Akasema juu kuna ukuta. Kumbe kwenye kochi hujikunja! Miaka thelathini na moja ya ndoa, na sijui urefu wa mke wangu. Hakupiga kelele. Alivaa viatu polepole, akasema hii si nyumba, ni sanduku, na yeye bado hajafa. Kisha: "Mimi hema linanitosha, Hardus. Asiyetoshwa ni wewe."
Nimekaa na kuku hadi chai.

Jumatano, 5 Aprili
Saa nne asubuhi nilikwenda kuijaribu trela barabarani. Pini ya kuifungia kwenye gari ilikuwa imepotea, nikachomeka bisibisi. Bisibisi imara kabisa! Kwenye mteremko wa mtoni nikaona trela inanipita upande wa kulia. Nikasogea kushoto, kwa adabu. Nikawaza, ya nani hii, mbona nzuri? Ina jua ukutani. Ina dirisha la kuku. Na dirishani, uso wa Tertius!
Tukatazamana. Mdomo wazi, macho kama sahani. Kisha akaenda zake. Akapita kibao cha barabarani, akapita uzio, akazama kwenye shamba la mahindi.
Nikakimbia. Nilikuwa nalia, sioni haya kuandika. Ningemwambia nini Alida? Mahindi yamelala mstari mzima, na mwisho wake mbao, na kati ya mbao Tertius kaketi na soksi moja. Mzima! Alikuwa ameingia gerejini kwa siri kutafuta kasoro za kunichekea. Akajikunja kitandani. Ni mfupi yule. Kilimwenea sawasawa, usingizi ukamchukua. Akanitazama, midomo inatetemeka. "Shemeji," akasema, "kasoro nimeiona."
Tukacheka hadi tukashindwa kusimama.

Ijumaa Kuu, 7 Aprili
Tuko bwawani, kwenye karavani ya Tertius. Alikuja kutuchukua mwenyewe, plasta kwenye paji la uso. Tulikuwa tumeapiana: yeye hataji bisibisi, mimi sitaji alichofuata gerejini kwangu. Kazi bure! Mwenye mahindi alisikia yote kule shambani, na anaimba kwaya moja na Alida. Mke wangu ametusema nusu saa, wote wawili, kwa majina yetu kamili ya ubatizo. Tertius alipojaribu kujitetea akaambiwa anyamaze, mwizi wa usingizi. Halafu Alida akatupakulia samaki wa siki wa Pasaka, akaanza kucheka peke yake, akafuta machozi kwa aproni. Sijamwona akicheka hivyo tangu tuhamie mji wa Kroonstad. Tertius amempa kitanda kikubwa. Analala amenyooka.

Jumatatu ya Pasaka, 10 Aprili
Nimetembea hadi shamba la maziwa ng'ambo ya bwawa. Sikuamini macho yangu! Mkulima ana tangi kuukuu la maziwa, la chuma kisichoshika kutu, refu, la mviringo, halipitishi hata tone. Anataka tu liondoke uani kwake. Chombo kama hicho, ukikitia magurudumu, kitashindwaje kuelea? Nimerudi mbio. Nimewatangazia kwamba Desemba tutalala katikati ya bwawa. Tertius amesali. Alida ameweka uma chini.
Halina mlango. Hilo nitalifikiria nikishaingia ndani.