Posa ya Shahada ya Milango

"Upana, sawa. Urefu, sawa," alisema Fahmi, amepiga magoti mbele ya kasha na futi ya kamba aliyoiazima kwa fundi wa nguo. Alitia kidole katika mapambo ya njumu za shaba, akaguna kama mtu ajuaye, kisha akapima tena. Alikuwa na hakika moja maishani: mtu anayepima mara mbili haulizwi alikotoka.

Juu yake alisimama Bwana Abdulghafur, mwenye duka la vitu vya kale hapo mtaa wa Ndia Kuu, Mji wa Kale, mikono nyuma, kama mgonjwa anayengoja neno la daktari.

"Latosha?" aliuliza.

"Laelekea kutosha. Lakini chuo ni chuo, bwana. Kuna makasha mengine yaangaliwa."

Hapakuwa na makasha mengine. Wala Fahmi hakuwa mtu wa chuo.

Wiki hiyo Chuo cha Kanda ya Bahari, chuo cha umma chenye majengo yake Ganjoni, kilikuwa kimewaalika wananchi waje waseme ni shahada gani zianzishwe miaka ijayo. Fahmi aliingia ukumbini kwa sababu nje kulikuwa na jua, na ndani kulikuwa na feni na sambusa. Afisa wa mipango, Bi Mirriam Chirau, aliwauliza watu wangependa watoto wao wasomee nini. Watu wenyewe walikuwa watano, na wawili wamelala. Mmoja alisema sheria. Mwengine alisema chochote, mradi kiwe karibu na nyumbani. Fahmi alikula sambusa, akaitazama kadi aliyovishwa shingoni yenye jina la chuo, na hapo akaiona riziki yake. Katika mji huu mtu aweza kuvaa suti akaulizwa ni ya nani. Lakini mwenye kadi shingoni haulizwi kitu, huvutiwa kiti.

Alitoka nayo. Kufika Ndia Kuu, alikuwa Mratibu wa Shahada Zijazo. Tusimhukumu upesi. Wako waliofikia vyeo vikubwa zaidi kwa njia fupi zaidi.

"Hebu nieleze tena, maalim," alisema Abdulghafur. "Shahada yenyewe yaitwaje?"

"Shahada ya Milango na Sanaa za Mbao. Miaka minne. Itabeba jina la ukoo wako."

"Mpaka la babu?"

"Mpaka la babu."

"Babu alikuwa mkorofi."

"Chuo hakiangalii tabia, chaangalia mchango. Kila shahada ina kielelezo chake. Udaktari una mifupa. Yako itakuwa na kasha hili."

"Na mimi nitakuwa nani?"

Fahmi alikunja futi polepole. Alijua kuwa swali hili ndilo bei. "Mlezi wa shahada. Kule ng'ambo humwita Profesa wa Heshima."

Mabega ya Abdulghafur yalipanda kidogo na hayakushuka tena siku nzima.

Kasha lilikuwa la msaji, na umri wake ulikuwa miaka mia mbili kwa watalii na mia kwa majirani. Kule Shimanzi mnunuzi mwenye lori alikuwa akilingoja. Fahmi alikwisha kulitafutia mkokoteni uje kimyakimya, na angefaulu, lau Bi Mwanaesha, mkewe Abdulghafur, hangetoka ndani wakati huo akijipangusa unga mikononi.

"Hilo kasha ni la nani?" aliuliza.

"Letu," alisema mumewe.

"La nani?"

"La nyanya yako."

"Ahsante." Akamgeukia Fahmi. "Mwanangu, sikatai. Elimu ni jambo la heri. Lakini kitu cha nyanya yangu hakitoki hapa kama gunia la mbatata. Nyanya aliposwa, akatoka kwao kwa shangwe, na kasha hili nyuma yake. Litatoka vivyo hivyo. Na mshenga ndiwe."

"Mimi, mama?"

"Kwani nani aliyekuja kuposa?"

Fahmi alitafuta neno la kukataa, asilipate lenye adabu. Na mshenga haondoki mpaka neno likubaliwe pande zote mbili. Akitoroka hatoroki peke yake, hutoroka na jina la mamake.

Kwa hivyo kasha lilitoka Ndia Kuu asubuhi iliyofuata, mchana kweupe, juu ya mkokoteni, limefunikwa kitambaa cha kijani na kikuba cha asumini juu yake. Mbele walikwenda wazee wa kanzu, nyuma wanawake wakipiga vugo, ngoma yao ya harusi, na katikati siniya ya halwa na chetezo cha udi. Mbele ya wote alikwenda Fahmi, kadi shingoni, akitokwa na jasho la watu wawili.

"Tupite kulia," alisema walipofika njia panda. "Kuna kivuli."

"Kulia ni kwenda Shimanzi," alisema bibi mmoja. "Bi harusi apelekwa Shimanzi?"

Wakacheka, wakamsukuma mbele. Kila mtaa watu walizidi. Mama mmoja aliyekuwa akinunua samaki aliuliza ni harusi ya nani, akaambiwa yaposwa shahada. Akasema mambo ya siku hizi hayaishi, akajiunga na samaki wake mkononi. Walipofika Ganjoni barabara ilikuwa imefungwa na madereva wa tuktuk walikuwa wakipiga honi kwa kufuata mdundo.

Bi Mirriam alisikia vugo akiwa dirishani. Kwa muda mrefu alikuwa akiandika mialiko, akibandika matangazo na kuwasihi watu wa Mji wa Kale waje watoe maoni, kwani bila maoni yao baraza la chuo halingepitisha shahada yoyote. Sasa Mji wa Kale wote ulikuwa langoni, na halwa. Akateremka mbio.

"Nani kiongozi wenu?" aliuliza.

Vidole vyote vilimwelekea mtu mmoja. Mirriam alimtazama Fahmi, akaitazama kadi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Alimkumbuka vizuri. Sambusa zilikuwa za watu hamsini na hazikubaki.

"Mratibu," alisema taratibu. "Karibu. Tulikuwa twakungoja."

Kwa mara ya kwanza katika kazi yake, Fahmi alidanganywa usoni.

Mzee mmoja alisimama akasema wamekuja kutaka udugu na chuo. Mirriam alisema chuo kimeridhia, baraza likipenda. Ikasomwa Fatiha, naye Mirriam, ambaye kwao ni watu wa kanisani, akainamisha kichwa kwa heshima. Halwa ikagawanywa. Watu wakaeleza wanataka nini kifundishwe, wote kwa pamoja, na Mirriam akaandika mpaka vidole vikamuuma.

"Sasa," alisema Fahmi, shughuli ilipotulia, "kasha nitalipeleka ghala la vielelezo."

"Bila shaka. Kielelezo hukabidhiwa mratibu akimaliza kuandika rasimu ya shahada. Miaka yote minne. Ndiyo kanuni."

Kanuni hiyo ilikuwa na umri wa nusu dakika.

"Ni kurasa nyingi?"

"Si nyingi. Wewe ni mtu wa maneno."

Fahmi alilitazama kasha, akatazama meza. Kurasa kadhaa za maneno matupu, kisha Shimanzi. Alikwisha kufanya kazi ngumu zaidi ya hiyo. Akaenda kutafuta kalamu.

Alipotoka, Bi Mwanaesha alisogea karibu na Mirriam.

"Mwanangu, kijana huyu ni wenu?"

"Si wetu, mama."

"Nami nilidhani. Alipima mara mbili. Mtu wa serikali hata mara moja hapimi."

"Basi mbona hukukataa?"

"Mume wangu alikwisha kuwa profesa. Nilitaka ateremke polepole, asivunjike."

Mirriam akajizuia kucheka. "Mimi sina ruhusa ya kupokea kasha."

"Nami sina haja ya kulitoa. Na kijana?"

"Niachie. Sina mwandishi."

Adhuhuri, Fahmi alipokuwa akila, kasha lilirudi Ndia Kuu bila vugo, na Abdulghafur akaambiwa ni amana ya chuo, asimtajie mtu. Chini ya kitambaa cha kijani yakabaki maboksi ya karatasi za fotokopi, yamepangwa vizuri, na asumini juu yake.

Tangu siku hiyo Fahmi alifika ofisini kila asubuhi, akaketi mahali ambapo angeweza kukiona kitambaa. Kurasa zake za kwanza Mirriam alizirudisha.

"'Umahiri wa kina wa kiini cha undani.' Maana yake nini?"

"Sijui. Lakini unatisha."

"Nenda kawaulize wachongaji."

Akaenda, shingo upande. Wachongaji walimpa kigoda, wakampa patasi, wakamcheka, wakampa tena. Akarudi na vumbi la mbao nywelini na mwaka wa kwanza wote ukiwa kamili. Mirriam alisoma, asirudishe hata ukurasa mmoja.

Jioni moja Abdulghafur alikuja na birika la kahawa. Alikuwa akija mara kwa mara, kama mlezi, kutoa mashauri ambayo hakuna aliyemwomba.

"Mwaka wa pili," alisema, "watie somo la kuzeesha kitu. Chai ya rangi, moshi na mchanga kidogo. Mlango wa juzi wawa wa zama za Wareno."

Fahmi aliweka kalamu chini. "Bwana Abdulghafur, hiyo ni hila."

"Ni ufundi, yakhe."

"Ni kumdanganya mnunuzi. Shahada hii mlezi wake ni wewe na mshenga wake ni mimi. Siwezi kutia hila ndani yake."

"Hata mwaka wa nne?"

Fahmi alifikiri. "Mwaka wa nne twaweza kuwafunza namna ya kuitambua."

Abdulghafur akanywa kahawa yake, ameumia kidogo. Mirriam alianza kufunga madirisha.

"Umefika wapi, mratibu?"

"Mwaka wa pili, muhula wa mwisho. Wa tatu naanza kesho." Akasimama, akakitupia jicho kitambaa cha kijani, akashusha sauti. "Bi Mirriam, funga vizuri. Mji huu una watu."

Mirriam alifunga mlango, akautikisa mbele yake ili aone. "Kasha liko salama," alisema, na hakusema uongo. Saa hiyo Bi Mwanaesha alikuwa akipanga leso zake ndani yake.

Fahmi akashuka ngazi akijiuliza kama wanafunzi waanze kuchonga mvule au msaji, jambo ambalo kesho asubuhi ingembidi kwanza akawaulize wachongaji.