Kutojibu Si Kosa la Kuuliwa

Malindi, Unguja
Machi 2002

Ndugu Mhariri,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na wenzako wote mnaotuletea gazeti, na natumai barua hii itakukuta umetulia, kwani mambo yenyewe hayataki pupa. Mimi ni Zahor Sami, karani mstaafu, mkaazi wa Malindi, mtu wa watu, nisiyegombana na jirani wala na paka wake. Nalalamikia ukatili unaofundishwa mchana kweupe katika mji wetu, tena kwa ada.

Chanzo ni hiki. Mdogo wangu aliyeko Maskati aliniletea kompyuta. Nyumba yetu ina tundu moja tu la umeme la kutegemewa, na hapo palikuwa na friji ambayo mke wangu, Bi Badriya, hugandishia barafu zake za ubuyu za kuuza. Nikaichomoa friji, nikachomeka kompyuta, nia yangu niitazame kidogo tu. Nilipokuja kunyanyua kichwa, barafu zilikuwa zishakuwa mto mwekundu unaotafuta mlango. Bi Badriya hakupiga kelele. Alivaa buibui lake akasema, "Zahor, pole zako za mdomo nshazisikia. Safari hii niandikie." Akenda zake kwa mama yake, Kikwajuni. Nami, Ndugu Mhariri, nampenda mke wangu. Nyumba bila yeye haikaliki, na chai ninayojipikia hata nzi haigusi.

Nikaona pole ya maandishi iandikwe kwa mashine, ipendeze. Nikahangaika na maneno tangu chai ya asubuhi hadi adhana ya adhuhuri, nikafika hapa: "Mke wangu mpenzi, kuhusu friji, nakiri kwamba mwenye makosa ni". Papo hapo programu ikaganda. Kishale hakiendi, herufi hazitoki, na juu ya kioo yakatokea maandishi kwamba programu haijibu. Nikamwita Ammar, kijana msomi anayefundisha kompyuta jirani yetu. Akacheka, akasema, "Hiyo unaiua tu, ami." Unabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, imekufa, unaanza upya. Na maneno yangu? Yanakwenda nayo, kwa kuwa sikuyahifadhi. Ndipo nilipoamua kukuandikia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu adabu. Sote tumelelewa kwamba ukifika kwa mtu unapiga hodi mara tatu, na usipojibiwa unarudi kwenu bila kinyongo. Huenda mwenyewe anaoga, huenda anasali, huenda yumo na hakutaki, na hiyo ni haki yake. Sijasikia mtu aliyesukuma mlango akamuua mwenye nyumba kwa sababu hakuitika. Mashine imesema wazi haijibu, haikutukana, haikukataa. Mimi nilikibonyeza kipanya mara tatu, kwa sauti ya chini, nikaenda zangu jikoni. Nilifanya hivyo asubuhi na jioni. Ammar hupita dirishani akaniuliza mgonjwa anaendeleaje.

2. Kuhusu hali ya marehemu mtarajiwa. Programu hii imeshika maneno yangu kinywani. Nikiiua, naua na pole ya mke wangu, na sidhani kama nitaweza kuitunga tena, maana sehemu ya "nakiri" ilinitoa jasho mimi mwenyewe.

3. Kuhusu wapatanishi. Kwetu, mtu akinuna hapigwi. Hutumiwa mtu wa makamo akaseme naye. Nami nikaifungua programu ya kupigia hesabu, niliyoiona haina maneno mengi, ikakae karibu na mwenzake. Ikaganda nayo. Nikapeleka ule mchezo wa karata, nikidhani labda uchangamfu utasaidia. Karata ziligawiwa nusu, zikabaki hewani. Sasa nina watatu walionuna kwenye kioo kimoja, na naamini wamekula njama.

4. Kuhusu majirani. Bwana Machano wa nyumba ya pili alisema ni jicho, akaleta chetezo akafukiza ubani hadi mashine ikapiga chafya. Nikamwita sheha wetu aje ashuhudie. Alikuja kwa heshima, akavua viatu, akaitazama kwa muda, akasema yeye anashughulika na wakaazi, na huyu hana barua ya kuhamia. Alikunywa ile chai yangu na hajarudi tena.

5. Kuhusu umeme. Kwa kuwa umeme ukikatika pole yangu itafariki, nimelazimika kuwaomba majirani wasipige pasi. Wengine wanakwenda kazini wamekunjamana, na wananitazama vibaya. Harusi ya mtoto wa Bi Nassra, nyumba ya mbele, wameniomba wawashe taa za rangi. Nimewakatalia. Imebidi bibi harusi apambwe kwa karabai, na watu wanasema alipendeza, lakini hawakusema hivyo huku wakinitazama mimi.

6. Kuhusu sheria, na hapa ndipo naomba msaada wa gazeti lako. Ninapendekeza programu isiuliwe ila mbele ya mashahidi wawili waadilifu. Ikishauliwa, mashine ikae eda, isiwashwe na mtu yeyote mpaka muda uishe, ili ijulikane kama ina maneno ya mtu tumboni. Ammar na walimu wenzake wafundishe kwanza kupiga hodi, kisha kusubiri, na hivyo vitufe vitatu viondolewe kabisa kwenye masomo, au vitawanywe mbali mbali asiweze mtu kuvifikia kwa mkono mmoja.

7. Mwisho, kuhusu Bi Badriya. Wiki zinakwenda. Amenitumia salamu kwamba bado anasubiri maandishi. Naomba uchapishe ile sentensi yangu kama ilivyo, kwa herufi kubwa, ukurasa wa mbele, na chini yake uthibitishe kwamba nia ya mwandishi ilikuwa njema, ila mashine ndiyo iliyomzuia kutaja mwenye makosa. Naamini mahakama yoyote itaikubali hiyo kuwa ni pole kamili.

Nakushukuru kwa subira yako. Nisalimie wahariri wasaidizi, wapiga chapa, wauza magazeti wa Darajani, na nyumbani kwako wote, wakubwa kwa wadogo. Bwana Machano naye anakusalimu, ana neno lake kuhusu ubani ulivyopanda bei, lakini nimemwambia aandike yake.

Wako katika kusubiri,

Zahor Sami Zahor

Baada ya kuandika: Bi Badriya amekuja sasa hivi kuchukua mbuzi yake ya kukunia nazi. Ameikuta barua hii mezani, akaisoma yote akiwa wima na mbuzi kwapani. Kisha akasema, "Kumbe kalamu unayo, Zahor. Mhariri humjui hata jina, umemwandikia kurasa zote hizi kwa mkono wako. Mie neno moja tu likakushinda?" Nikachukua karatasi nyengine, nikaandika ile ile sentensi, na nilipofika kwenye "mwenye makosa ni", wallahi Ndugu Mhariri, wino ulikuwepo, taa ilikuwepo, na mkono ukasimama vile vile. Alinisubiri. Nikaandika "mimi". Ameikunja karatasi akaitia kifuani, akaweka mbuzi chini, akachomoa waya wa kompyuta kwa mkono mmoja na kuchomeka friji kwa wa pili. Wote watatu wamekata roho mbele ya macho yangu na sikunyanyua hata kidole. Naomba barua hii usiichapishe.