Kigingi cha Katikati

Jumatatu, 3 Machi

Haya, umekumbuka njia! Miezi kumi na minne, mjukuu wangu. Miguu ilikuwa imeota mizizi? Kaa hapo usome niliyokuandikia. Daftari ulininunulia wewe, herufi ulinifundisha wewe kwenye meza ya jikoni, mimi ambaye shule niliiona kwa nje tu. Sasa utanikoma.

Nimejiunga na watu wa kujitolea. Ndiyo, na magoti haya haya. Mafunzo ya siku sita. Mkufunzi, binti mwenye filimbi shingoni, katugawa kwa skafu: Kijani, mimi humo, na Njano. Watakaoshinda watachagua kwanza pa kwenda kufanya kazi. Na kituo kimoja ni bustani ya zahanati ya mjini kwako! Nafasi mbili tu. Moja yangu. Wewe huji, basi nakuja mimi.

Nageuka, nani kavaa skafu ya njano? Mkwe wangu. Bibi yako yule mwingine, mama wa baba yako! Kanisalimia kwa meno yote. Eti amekuja kunyoosha viungo. Viungo gani! Anataka kituo changu.

Mchezo wa kwanza: mmoja anajiangusha kinyumenyume, mwenzake anamdaka. Nikamwambia mkufunzi miaka sabini najitahidi nisianguke, sianzi leo. Basi nikapewa kudaka. Kinyozi wa kikundi chetu, kilo tisini, kanidondokea kifuani. Nikamdaka! Nikamwuliza kwao wengine wanakula nini, maana chakula chote kiko hapa.

Jumanne, 4 Machi

Mbio za yai, kijiko mdomoni. Wengine walinyata kama wanaiba. Mimi nikatimua mbio kama nimeitwa kula. Yai langu nilikuwa nimelichemsha asubuhi. Ushindi! Mkwe wa pili, pua yake mgongoni kwangu.

Nani angejua mkufunzi atayataka mayai yale atukaangie? Kagonga langu ukingoni mwa kikaango. Ko! Kagonga tena. Ko! Mkwe akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha likagongwa lake.

Ko!

Alama zetu zote zimefutwa. Laghai mkubwa yule!

Jumatano, 5 Machi

Kazi ya nje. Mtaro wa maji. Kijani tunaanzia bombani, Njano wanaanzia barabarani, tukutane kwenye kigingi cha katikati. Watakaotangulia kukifikia ndio washindi wa mafunzo yote. Udongo umekaza kama uso wa mwenye nyumba. Na Njano wana mchimba visima! Haki iko wapi?

Jioni nikakitazama kigingi. Nacho kikanitazama. Nimepata wazo.

Alhamisi, 6 Machi

Alfajiri nikakisogeza kigingi hatua nne kuelekea kwetu. Palikuwa na jiwe, nikakipeleka kushoto kidogo. Hakuna aliyeniona.

Mchana tukafika! Nikapiga vigelegele. Nyuma ya rundo la udongo nikasikia vigelegele vingine. Mkwe! Nao wamefika kwenye kigingi. Kigingi gani, na hiki hapa mguuni kwangu? Kumbe naye alidamka kwenda kukisogeza, hakukikuta, akachonga chake, akakichomeka hatua nne kuelekea kwao. Kulia.

Mkufunzi akafungulia bomba. Maji yakaja vizuri, yakafika mwisho wa mtaro wetu, yakasimama kutushangaa. Hatua nane za ardhi nzima katikati, na mitaro imepishana kama mke na mume walionuniana. Filimbi ililia mpaka mbwa wa jirani akaitikia.

Hukumu: kesho mabibi wawili wamalize kipande kile peke yao. La sivyo tunarudi nyumbani wote, hakuna zahanati. Kinyozi hanisemeshi. Hilo limeniuma.

Ijumaa, 7 Machi

Jembe moja, beleshi moja, mimi na mkwe. Tukachimba saa nzima. Kisha akasema mimi nina bahati, mjukuu anakuja kwangu kila mwezi. Nikamwuliza nani kamdanganya. Akasema alidhani tu, maana kwake hujakanyaga miezi kumi na mitano.

Nikakaa chini. Mimi nilidhani unashinda kwake!

Kumi na mitano. Mimi kumi na minne. Nimemshinda mwezi mmoja! Nikajizuia kumwambia. Nikashindwa, nikamwambia.

Mjukuu wangu, tulikusema wewe hatua nane nzima. Masikio hayakukuwasha? Hasira ile ilichimba kuliko jembe. Malengelenge yaliponipasuka, mkwe alichana skafu yake akanifunga kiganja, huku akinitukana. Kabla ya chakula cha mchana maji yakapita.

Jumamosi, 8 Machi

Mkufunzi kasema kipande chetu ndicho kilichonyooka kuliko vyote. Kwa hiyo zahanati tunakwenda wote wawili! Tulikumbatiana na mkwe, tukalia kama watoto. Mkufunzi akasema sasa tumejua maana ya ushirikiano. Nikaitikia kwa kichwa, sana tu.

Jioni tumefika mjini kwako. Chumba kimoja, vitanda viwili. Tumechora mstari wa chaki sakafuni, nusu kwa nusu, vigae kumi na viwili kila mtu. Mkwe kaenda kuoga. Chaki ninayo. Kitambaa chenye maji ninacho. Upande wangu sasa vigae kumi na vinne.

Ukija tena, ingia, kata kushoto, kaa kwanza kitandani kwangu. Na bibi yako akikuuliza mstari ulikuwa wapi, mwambie uliukuta hivyo hivyo.