Uzinduzi wa Mkakati Jumuishi wa Kudumisha Tona

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe baada ya yule tuliyemwalika kupata udhuru. Waheshimiwa wakuu wa idara, wakuu wasaidizi na makaimu wa wasaidizi hao. Wadau wa masjala. Wananchi mliokuja kufuata vyeti mkajikuta mmealikwa. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi, mstari wa mbele tu.)

Nasimama hapa kama mkurugenzi wenu, kwa unyenyekevu, sifa ambayo kwayo nimeizidi ofisi nzima, kuzindua Mkakati Jumuishi wa Kudumisha Tona katika ofisi yetu ya vyeti vya kuzaliwa. Tona, kwa wasiobahatika kusoma kama mimi, ni ule unga mweusi ulio ndani ya katriji ya printa, na kwa miaka mingi tulikuwa hatujui tununue ile ya kampuni iliyotengeneza printa yenyewe, ambayo bei yake inatia homa, au ile ya kujaziwa vichochoroni, ambayo ni robo ya bei. Niliunda kamati. Kamati ikaunda kamati ndogo, ikakaa warsha tatu za siku nne nne. (Sauti kutoka nyuma: "Na chai?") Na chai, ndiyo.

Matokeo ya pailoti, yaani majaribio, ni haya. Tona ya rahisi ilitoa kurasa elfu moja na mia moja, ingawa asilimia thelathini zilikuwa na mstari mweusi katikati. Ya kampuni, kwa miezi sita, haikutoa hata ukurasa mmoja, kwa kuwa niliifungia kabatini isije ikaharibiwa na matumizi. Kwa hiyo, kitaalamu, ndiyo iliyodumu zaidi. (Kicheko. Mlinzi anakohoa.) Baadaye tuliitoa kwa heshima zote, ikachapa ripoti ya kamati kuhusu kubana tona, kurasa mia mbili na kumi na mbili, nakala kumi, ikaisha.

Hapo ndipo anapoingia fundi cherehani, yule mama aliyeketi karibu na dirisha. Alikuja Alhamisi, safari ya tano, mkononi ana cheti cha binti yake tulichomchapia kwa tona ya rahisi, na ule mstari umepita juu ya jina. Shule imekikataa. Usajili wa mtihani unafungwa siku hiyo hiyo saa sita mchana, na asiyesajiliwa anasubiri mwaka mzima.

Akamwambia katibu muhtasi wangu, "Dada yangu, nimeshona sare za darasa zima. Huyu wangu akibaki nyumbani, nitamwambia nini?"

"Keti, mama," katibu akajibu. "Tutaona kilichobaki."

Akaichomoa ile katriji ya rahisi, ambayo printa ilishatangaza kuwa imekwisha, akaitikisa taratibu kulia na kushoto kama anayepepeta unga, akafuta ndani ya mashine kwa kitambaa kikavu. Mimi, kama kiongozi, nilimwagiza asubiri idhini ya maandishi.

Akasema, "Bosi, idhini nayo inataka tona." (Kicheko kirefu. Mkurugenzi anakunywa maji.)

Cheti kikatoka, jina jeusi tii. Mama akakishika kwa ncha za vidole, akakisoma mara mbili, akatoka mbio bila kuniaga, jambo ambalo nimelisamehe. Binti alisajiliwa ikiwa imebaki nusu saa. Mafanikio hayo, ndugu zangu, tumeyaingiza kwenye takwimu za mkakati. (Minong'ono.)

Ndani ya miaka miwili mkakati huu utasambaza katriji elfu nne, utajenga kituo cha umahiri cha kutikisa katriji, na utamwezesha kila mtumishi kuchapa bila kuchapa. Nikisema tona, semeni idumu. Tona. (Wachache: "Idumu.") Tikisa kwanza. ("Nunua baadaye.")

Mwisho, nawashukuru kwa dhati wafadhili wetu, ambao hawapo hapa, na kwa kweli hawajui kama sisi tupo. Barua ya kuwaomba waufadhili mkakati huu ilikuwa ya pili kwenye foleni ya printa Alhamisi ile, nyuma ya cheti cha yule binti, na katibu muhtasi ameniarifu asubuhi hii kwamba ilitoka nyeupe pe. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Fundi cherehani anasimama, anapiga makofi. Ukumbi mzima unamfuata.)