Vita vya Sikio la Punda

Jongeeni, enyi mlioketi na mliosimama, mwenye kutafuna na ameze, mwenye simu na aizime, nipate kuwasimulia habari za Mama Dekio, mshinda madoa, bibi wa ndoo mbili, aliyedeki jumba la sanaa miaka kumi na tisa bila kuulizwa hata siku moja kiuno kinaendeleaje. Nami nikikosea neno atanisahihisha mwenyewe, maana yu hai na ulimi anao.

Ikawa katika siku hizo Mwalimu mzee wa uchoraji amechora punda kwa mkaa kwenye ukuta mkubwa wa jumba lile, punda mzima, mpaka kope. Akatokea kijana mmoja, Msanii mwenye jozi mbili za miwani, moja machoni na nyingine utosini, akaomba ruhusa amfute punda yule, kwani kufuta nako, alisema, ni kuumba. Mwalimu akacheka, akamruhusu, ila hakurudi kutazama. Siku tatu Msanii akapigana na mnyama kwa vifutio arobaini, jasho chapachapa. Siku ya nne akatangaza ushindi, akabandika kadi iliyosema "Punda Aliyefutwa", na wageni wakaalikwa waje saa kumi.

Saa nane akaingia Mama Dekio. Kadi hakuisoma, kadi yeye huzipangusa vumbi tu. Alichokiona ni ukuta wenye ukungu wa mkaa, na kule juu sikio moja la punda limebaki wima, linamsikiliza. Moyo ukamwaka. Yaani wageni waje wakute hivi, halafu waseme nani kazembea? Akakunja mikono ya gauni, akapanda ngazi kama jemadari apandaye boma la adui, dodoki mkono wa kuume, povu mkono wa kushoto, akalivamia sikio. Sikio likawa doa, doa likawa kivuli, kivuli kikasalimu amri. Dakika kumi na moja tu, na ukuta ulikuwa mweupe pe.

Msanii alipofika aliketi sakafuni akalia, masikini, machozi ya kweli. Meneja akaitwa, naye bila kumeza mate akaamuru Mama Dekio arudishe funguo siku ile ile. Hapo shujaa wetu akazishika funguo mfukoni, kwani nyumbani ana mama yake kitandani, na kazi nyingine haijui. Ulimi ndio hakuushika.

"Bwana Meneja, nawe mwanangu Msanii," akasema, dodoki likimchuruzika mkononi, "niambieni jambo moja niondoke kwa amani. Huyu kafuta kazi ya Mwalimu, mkamwalikia wageni. Mimi nimefuta ya kwake, mnanifukuza. Kama kufuta ni sanaa, mimi nimefuta vizuri kuliko yeye. Na kama si sanaa, basi siku tatu zote alikuwa akinisaidia kudeki, tena akabakiza sikio."

Meneja akamtazama Msanii, Msanii akatazama viatu vyake. Ndipo Mwalimu mzee, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, akasema taratibu, "Yule punda nilimpenda. Ruhusa niliombwa, kama nampenda sikuulizwa. Mwandikeni huyu mama kwenye kadi. Angalau yeye hakuja kuniambia kwamba anaumba."

Saa kumi wageni wakaingia, wakakuta kadi mpya yenye majina matatu, la Mwalimu, la Msanii, na la Mama Dekio mwisho, kwa herufi ndogo kama sisimizi. Aliisoma mara nne. Funguo zilibaki mfukoni mwake.

Wiki iliyofuata Meneja akaona vumbi limeshika ukuta ule, akamwita alipanguse. Mama Dekio akaegemeza dekio lake, akajinyoosha kiuno, akamtazama Meneja kwa huruma.

"Kazi ya msanii haiguswi," akasema, akaenda zake kudeki ngazi.

Na iandikwe katika tarehe za mataifa: vumbi lile lipo mpaka leo, na watu huja kulitazama.